Mwalimu Aliyegawa Nyara Kama Kuku

Ilianza Jumamosi ya pili ya likizo ya Aprili, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Saa ilikuwa pale chini kwenye kona ya skrini, na mimi nilikuwa naitazama sana ili nisitazame nyuso za watu. Kufikia saa tisa na nusu, baba na mtoto wake walikuwa wameachana, na kitu kilichowaachanisha kilikuwa kwangu. Sikujua. Nilipojua, sikusema.

Lakini nikianza na hapo, mtu akiokota daftari hili atamwona Mwalimu kwa siku yake mbaya tu, na hiyo si haki. Acha nimweleze kwanza vile alivyokuwa.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa amefundisha jiografia mpaka akastaafu, kisha akafungua saiba hapa Kitale, mtaa wa nyuma ya msikiti. Kompyuta tano, printa moja ya kubembelezwa, na ramani ya Afrika iliyofifia mpaka Sudan na Chad zikawa rangi moja. Chaki ilikuwa bado haijamtoka mwilini. Akimaliza kuandika barua ya mtu kwa kompyuta alikuwa anapangusa vidole viwili kwa vidole viwili, puh, kama bado kuna vumbi. Alivaa sweta ya rangi ya damu ya mzee ambayo mkewe alimfumia, hata Januari jua likiwa linachoma lami. Mkononi alikuwa na saa iliyokufa, imesimama saa nne kasorobo. Mtu akichelewa kuja kuchukua fotokopi zake, Mwalimu aliiinua hiyo saa, akaitazama kwa makini, akasema, "Unaona sasa ni saa ngapi?" Na mtu aliomba msamaha.

Swaleh, anayetengeneza simu duka la ng'ambo ya barabara, alimwambia siku moja, "Mwalimu, hiyo saa si uniletee niitie betri?"

"Ya nini? Nimeizoea hivi."

"Lakini haisemi ukweli, bana."

"Mara mbili kwa siku inasema. Wewe unasema mara ngapi?"

Swaleh alicheka mpaka akaegemea mlango.

Mimi niliingia hapo mara ya kwanza kwa sababu ya mvua. Nilikuwa fomu wani, Mama anauza sokoni, na nilikuwa nimetumwa kuchapisha fomu ya shule. Mvua ilikataa kuisha. Mwalimu hakuniuliza maswali, na hicho ndicho kilinifanya nirudi. Darasani mimi ni yule msichana ambaye akiulizwa kitu anajua jibu na halitoki. Linafika hapa kooni linakaa. Walimu wengine wanadhani ni kiburi. Yeye alinisogezea kiti cha kompyuta ya mwisho, ile ya ukutani, akasema, "Kaa hapa. Kwenye mchezo wetu tunahitaji mponyaji. Mponyaji haongei sana, anaangalia tu ni nani anaumia."

Kuanzia hiyo siku akaniita Daktari.

Sasa nieleze huo mchezo, maana mtu anaweza kushangaa mzee wa sweta anatafuta nini humo. Mtoto wake, Wafula, ndiye aliuweka kwenye kompyuta kabla ya kwenda Uarabuni kuwa mlinzi. Alimwambia, "Baba, kwa simu wewe huongei. Unauliza hali ya hewa halafu unampa Mama. Tutakuwa tunaonana huku." Ikawa kweli. Kila Jumamosi alasiri Wafula aliingia kutoka huko, sauti yake ikatoka kwenye spika ndogo juu ya meza, na wao wawili wakatembea pamoja msituni, baba na ngao mbele, mtoto na upanga nyuma. Walizungumza mambo ya ng'ombe, ya mahindi, ya mguu wa Mama Wafula, huku wanaua mazimwi. Swaleh alikuwa mpiga mishale wetu, akija baada ya swala ya adhuhuri. Mimi nilikuwa nyuma ya wote, nikiwaponya. Mkewe Mwalimu aliambiwa Jumamosi kuna fotokopi nyingi. Na Mwalimu huyo huyo ndiye aliyetufundisha kuwa uongo hauna miguu.

Ndani ya mchezo kuna mapango. Unaingia watu wanne, mnapigana mpaka mwisho, jitu kubwa likifa linaangusha vitu: panga, pete, kofia za chuma. Hizo ndizo nyara. Kwenye mapango mapya kila mtu anapewa zake, hakuna kuulizana. Lakini mapango ya zamani yalitengenezwa na watu tofauti, miaka tofauti, na hakuna aliyerudi kuyapatanisha. Pango moja, aliyepiga pigo la mwisho anachukua vyote. Pango lingine mchezo unarusha dadu. Na lile la zamani zaidi, Pango la Mzee Kipofu, hakuna aliyejua linagawa vipi. Leo kitu kinaenda kwa aliyefungua sanduku, kesho kinamwangukia mtu yeyote kimyakimya, bila hata maandishi kutokea.

"Hili pango linagawa kama mahindi ya msaada," Swaleh alikuwa akisema. "Aliyelia njaa hapati, mwenye trekta anapata magunia mawili."

Wachezaji wote walihamia mapango mapya. Mwalimu alikataa. "Pango jipya halihitaji mtu mwaminifu," alisema. "Ni kama hoteli, kila mtu na sahani yake. Mimi sikuja hotelini."

Akatuwekea sheria yake. Nyumbani kwetu kuku hagawanywi ovyo. Kichwa na miguu ni vya watoto, na firigisi, ile tunaita imondo, ni ya mwenye boma. Mkwe akiletewa kuku ambaye imondo yake haionekani, hiyo ni vita. Kwa hivyo kila tukitoka pango la zamani, hata kama mchezo umempa nani, tulisimama mlangoni, kila mtu akaweka chini alichopata, na Mwalimu akagawa. Ngozi na mifupa kwa Swaleh wa mishale, dawa kwangu, vyuma kwa Wafula. Kile kitu kizuri kuliko vyote alikiita imondo, na ingawa yeye ndiye mzee, hakuwahi kuila. Ilienda kwa zamu. Mtu akinung'unika alisema, "Mchezo ugawe unavyotaka. Sisi si mchezo."

Hakuna mtu nimewahi kumwona mwenye haki kama yule. Na bado Jumatatu za mbolea ya ruzuku alipenya foleni, akajidai amemwona mwanafunzi wake wa zamani kule mbele, akamshika bega mtu ambaye hakumjua kabisa, "Ee kijana, hamjambo nyumbani?" mpaka akafika dirishani. Nilimwona kwa macho yangu. Aliponiona naye alipangusa vidole, puh.

Na kulikuwa na jambo lingine ambalo sikulielewa mapema. Ile zamu ya imondo ilizunguka mimi, Swaleh, mimi, Swaleh. Ilipofika kwa Wafula, Mwalimu alipata sababu. Wafula amechelewa kuingia. Wafula amekimbilia adui bila kungoja. "Wafula atangoja, si yeye ni wa nyumbani?" Mara moja nilijikaza nikamwambia, kwa sauti ya mbu, "Mwalimu, hii si yake?"

Akanijibu polepole, "Daktari, ukigawa mbele ya watu, unaanza na mtoto wa mtu. Wako atakula baadaye."

Nilifikiri ni hekima. Niliiandika nyuma ya kitabu cha hesabu.

Pale katika Pango la Mzee Kipofu kulikuwa na taa. Si taa ya maana sana, ukiishika inakuangazia hatua chache mbele. Lakini ilikuwa haianguki. Tuliingia humo kila likizo, mwaka mzima, kuitafuta. Wiki moja kabla ya ile Jumamosi, Wafula alisema kwenye spika, "Baba, taa ikianguka, hiyo moja nipe mimi."

"Zamu ni ya Swaleh."

"Mwalimu, mpe kijana," Swaleh akasema. "Mimi niko na tochi kwa simu."

"Zamu ni zamu."

Wafula akacheka kidogo, cheko ambalo si la kufurahi. "Hujawahi kunipa kitu mbele ya watu, Baba. Hata kimoja."

Mwalimu akauliza hali ya hewa.

Basi ile Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini, jitu lilikufa. Sanduku likafunguka, na wote tukaona taa imemulika ndani yake, mwanga wa manjano. Swaleh akapiga kelele mpaka mwenye kinyozi akachungulia. Kisha mwanga ukapotea. Taa imeenda kwa mtu. Tukatoka mpaka mlangoni pa pango, kila mtu akaweka chini vitu vyake. Taa haikuwepo.

"Nani ako nayo?" Mwalimu akauliza.

"Mimi sina," Swaleh akasema. "Begi yangu ni mabawa ya popo tu, hata paka anakataa."

"Daktari?"

Nilifungua begi langu. Lilikuwa limejaa majani ya dawa mpaka juu. Nilitazama mara mbili. "Sina, Mwalimu."

"Wafula."

"Sina, Baba."

Mwalimu akasogea karibu na spika. Kisha, "Wafula."

"Si nimesema sina?"

"Wiki iliyopita uliomba, nikakunyima. Leo haionekani. Wafula, rudisha."

Swaleh akasema, "Mwalimu, wacha, hii pango si unalijua—" lakini Mwalimu alimwinulia mkono, ule wa saa.

Spika ikakwaruza. Halafu sauti ikaja, ndogo. "Unaniita mwizi mbele ya watu?"

"Sijasema mwizi. Nimesema rudisha."

"Swaleh umemwuliza mara moja. Huyo msichana mara moja. Mimi mara tatu."

"Hao ni watoto wa watu."

"Na mimi ni wa nani?"

Mwalimu aligeuka akatutazama mimi na Swaleh. Jina la Wafula, lililokuwa kijani kwenye skrini, likawa la kijivu, ametoka mchezoni. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Jumatatu yake nilienda saiba asubuhi, peke yangu. Nikafungua stoo ya mponyaji wangu, ile unaweka vitu usivyobeba, nipunguze majani. Taa ilikuwa hapo. Ilikuwa imelala kati ya mizizi na chupa tupu, inamulika. Nikaelewa yote kwa mara moja. Begi lilijaa, na lile pango la zamani halisemi begi limejaa. Limeitupa stoo, likanyamaza. Kama mimi.

Mwalimu alikuwa kwenye kaunta akilamineti cheti cha mtu. Niliinuka. Nilitembea mpaka kwake, hatua kama saba. Nilikuwa nimepanga maneno, Mwalimu, taa iko kwangu, mchezo uliiweka stoo. Si maneno magumu. Aliinua macho, yalikuwa mekundu, akasema, "Ndiyo, Daktari?"

Nikasema, "Naomba karatasi mbili za fulskepu."

Akanipa tatu.

Niliogopa nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Niliogopa angenitazama jinsi alivyoitazama ile spika. Hapo ndipo mahali pekee duniani nilikuwa na kazi, na kazi yangu ilikuwa kuona ni nani anaumia. Nilimwona. Nikabeba karatasi zangu nikaenda.

Jumamosi zilizofuata Wafula hakuingia. Mwalimu alimsimamisha mtu wake wa ngao kwenye mlango wa pango, hataki kuingia, hataki kuondoka. "Tungoje kidogo," alisema. "Labda umeme umekatika kwao." Swaleh alinitazama, mimi nikatazama saa ya skrini. Huko Uarabuni umeme haukatiki. Kila mtu anajua. Mwalimu wa jiografia ndiye alijua zaidi.

Shule zikafunguliwa, nikaenda bweni. Niliporudi Agosti mlango wa saiba ulikuwa na kufuli, na rangi ya maandishi imekwanguliwa nusu. Swaleh alikuwa amechukua kompyuta moja dukani kwake, zingine ziliuzwa. "Kiharusi," akaniambia, bila utani. "Juni. Amerudi kwao Mabanga. Wafula anapigia mamake simu, anauliza habari ya mgonjwa, lakini ati hasemi mpe Baba. Na Baba naye hasemi nipe."

Wiki iliyopita Mama alikuwa na safari ya Mabanga kutafuta miche ya ndizi kwenye kile kituo cha mafunzo ya kilimo. Nikamwomba twende wote. Aliniacha kwenye lango la Mwalimu, akasema atanipitia.

Alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki, na ile sweta, jua linawaka. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Saa alikuwa ameihamishia mkono wa kulia.

"Daktari," akasema. Mdomo ulikuwa umevutika upande mmoja, maneno yanatoka yakichechemea. "Saa na mkono... zilisimama pamoja. Nimeona... nizitenganishe."

Alitaka nicheke. Nilijaribu.

Mama Wafula hakunisikiliza niliposema nimeshiba. Alichinja kuku. Tukakaa hapo, redio inasema bei ya maziwa, Mwalimu ananiuliza shule, ananiuliza ramani, kama nimejua tofauti ya bonde na korongo. Kuku akaletwa. Imondo ilikuwa juu ya bakuli, mahali pake, mbele ya mwenye boma. Mwalimu akaichukua na kijiko, mchuzi unadondoka kwenye sweta, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Mgeni," akasema.

Hapo ndipo koo liliachilia. Nikasema yote. Begi, stoo, Jumatatu, karatasi za fulskepu. Sikulia wakati wa kusema, nililia baada ya kumaliza.

Akaweka kijiko chini. Kisha akauliza, "Jumatatu... ile ile?"

"Ndiyo. Siku mbili tu baadaye."

Akaanza kuhesabu kwa kidole gumba cha mkono mzima, akigusa vidole kimoja kimoja. Aprili. Mei. Juni. Julai. Vikamwishia.

"Mara tatu," akasema. "Nilimwuliza... mara tatu."

Nilingoja anigombeze. Nilitaka. Nilimwona akinitazama akitafuta neno, na nikajua si kiharusi kinachomzuia. "Mwalimu, si unigombeze," nikamwambia. "Tafadhali."

"Kula, mama. Inapoa."

Hata hapo. Hata baada ya yote mimi nilikuwa mtoto wa mtu.

Nikaila ile imondo. Ilikuwa kama kumeza jiwe la mtoni. Alingoja nimalize kabisa, halafu akaniambia, "Mkono mmoja... kwa kompyuta hautoshi. Na simu, unajua mimi kwa simu. Wewe mwandikie. Kule kwa mchezo." Akapumzika. "Aliuliza... yeye ni wa nani. Nilijua jibu. Watu walikuwa wengi."

"Nimwandikie nini?"

Mama alikuwa tayari langoni na miche yake kwenye gunia, anaita jina langu. Mwalimu akanishika mkono, akaniambia maneno matatu, kisha akajipangusa vidole kwenye sweta. Puh. Kwa mkono mmoja haikutoa sauti.

Asubuhi yake, hapa Kitale, nilikuwa mlangoni kwa Swaleh kabla hajamaliza kupanga simu mbovu kwenye kioo.

"Niaje, Daktari. Umeamkia wapi?"

"Taa ilikuwa kwangu," nikasema. Kwa sauti. Mwenye kinyozi alisikia. "Tangu ile siku. Wafula hakuichukua."

Swaleh, ambaye hakuna siku hana utani, alitafuta utani akaukosa. Alivuta kiti cha kompyuta, akakipangusa na shati lake, akatoka nje akasimama amenipa mgongo.

Niliitoa taa stoo. Nikaenda nayo posta ya mchezo, nikaifunga kwa jina la Wafula. Barua ya huko isipofunguliwa siku thelathini inamrudia aliyeituma. Niliandika kwamba nilikuwa nayo mimi, na tangu lini, na kwamba nilijua nikanyamaza. Niliandika jina langu la kweli. Kisha nikaruka mstari, nikaweka yale maneno ya Mwalimu peke yake, bila kuyapunguza wala kuyaongeza:

Wewe ni wangu.

Nikabonyeza tuma. Jina lake lilikuwa la kijivu. Nikamleta mponyaji wangu mpaka mlango wa Pango la Mzee Kipofu, nikamsimamisha pale Mwalimu alipokuwa akisimama na ngao, nikakaa naangalia.